Kuondoa Sumu Kwenda Wapi? Uhakiki wa Dhana ya Kuondoa Sumu katika Tafiti za Kuvu na Maganda ya Kahawa

1.0 Utangulizi

Makala haya yametokana na tasnifu ya uzamivu inayochunguza namna maarifa ya sayansi ya kilimo yanavyoingizwa katika Kiswahili. Mtafiti alipoanza kutafsiri matini zinazohusu matumizi ya kuvu katika kusafisha mabaki ya usindikaji wa mazao, alitarajia kukwamishwa na istilahi: majina ya vimeng'enya, ya kemikali na ya kuvu zenyewe. Haikuwa hivyo. Kafeini ni kafeini, na tanini ni tanini. Kilichomkwamisha ni kitenzi ambacho kila mzungumzaji wa Kiswahili anakijua tangu utotoni, yaani kuondoa.

Katika Kiswahili, kuondoa ni kukitoa kitu mahali kilipokuwa. Aliyeondoa vyombo mezani hajavivunja, amevipeleka jikoni. Aliyeondoa taka uani amezipeleka shimoni. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba kuvu fulani imeondoa sumu katika maganda ana haki ya kuuliza: imeiondoa ikaipeleka wapi? Hoja ya makala haya ni kwamba tafiti zinazorejelewa sana kuhusu kuvu na maganda ya kahawa hupima kilichokosekana kwenye maganda, kisha neno "kuondoa sumu" hutumika kana kwamba kilichokosekana kimeangamizwa. Kati ya kukosekana na kuangamia kuna pengo. Ndani ya pengo hilo wamo ng'ombe anayelishwa maganda, mtu anayekula uyoga, na mto unaopokea maji.

Uhakiki huu haukusudii kubeza tafiti hizo. Baadhi yake, kama itakavyoonekana, zimeandikwa kwa uangalifu mkubwa kuliko namna zinavyosomwa.

2.0 Maganda, na kinachoitwa sumu

Neno maganda ya kahawa hubeba vitu viwili. Katika vihamba vya Kilimanjaro, kahawa mbivu humenywa kwa mashine, punje huchachushwa na kuoshwa kabla ya kuanikwa, na kinachobaki ni maganda mabichi, laini, yenye utomvu mtamu unaochacha upesi. Kagera, ambako robusta nyingi hukaushwa tunda zima na kukobolewa baadaye, kinachobaki ni maganda makavu. Tafiti za Brazili zitakazohakikiwa hapa zilihusu maganda makavu. Ule wa Meksiko ulihusu mabichi. Tofauti hii si ndogo, kwani ganda bichi limekwisha kupoteza sehemu ya vitu vyake katika maji ya kumenyea, ilhali ganda kavu limekauka navyo.

Vitu vinavyolalamikiwa katika maganda ni hasa kafeini na tanini. Tanini hushikamana na protini na kupunguza faida ambayo mnyama anaipata katika chakula. Kafeini humfanya mnyama apunguze kula, akojoe zaidi, na apoteze naitrojeni ambayo ingejenga mwili. Mambo haya yameelezwa kwa kirefu katika kitabu kilichohaririwa na Braham na Bressani (1979), kilichotokana kwa kiasi kikubwa na kazi iliyofanyika Guatemala, na hadi leo ni vigumu kukiepuka mtu anapoandika juu ya maganda ya kahawa kama chakula cha mifugo. Mtafiti alikulia katika kihamba ambamo ng'ombe wa ndani alikatiwa migomba na majani kila siku, na rundo la maganda ya kahawa lilikuwa hatua chache tu kutoka zizini. Hakuna aliyewahi kumpelekea. Bibi hakuwa na neno kafeini. Alisema tu kwamba ng'ombe akila yale "hatulii".

Hata hivyo, ipo sababu ya kusita mbele ya neno sumu lenyewe. Katika masikio ya Mswahili, sumu ni kitu cha kuua: sumu ya panya, sumu ya nyoka, sumu aliyotiliwa mtu. Tanini haistahili jina hilo kwa maana hiyo. Kafeini ndiyo inayomfanya mnunuzi wa ng'ambo alipie kikombe. Ikiwa kikombeni ni bidhaa, ikiwa horini ni sumu. Uhusiano wa kitu na mlaji wake, kiasi anachokula na muda anaokula ndivyo vinavyoamua jina. Kwa hiyo hata kabla ya kufika kwenye kitenzi, nomino nayo inahitaji mlaji atajwe. Sumu kwa nani? Matini nyingi alizosoma mtafiti humtaja mlaji huyo katika utangulizi tu, kisha humsahau zinapofika kwenye matokeo.

3.0 Asilimia 61

Utafiti unaostahili kusomwa polepole kuliko yote ni ule wa Fan na wenzake (2000), waliootesha uyoga aina ya Pleurotus ostreatus, ambao wakulima wetu huuita mamama, juu ya mabaki mbalimbali ya kahawa. Juu ya maganda makavu, uyoga wa kwanza ulichomoza baada ya siku 20, na baada ya siku 60 mavuno yalikuwa yamefikia takriban asilimia 97, yaani kila kilo moja ya maganda makavu ilitoa karibu kilo moja ya uyoga mbichi. Katika siku hizo 60, kafeini katika maganda ilipungua kwa asilimia 61 na tanini kwa asilimia 79. Kisha waandishi wanaongeza jambo ambalo wangeweza kulinyamazia: kafeini ilipatikana ndani ya uyoga wenyewe, asilimia 0.157. Wao wanalisoma kama ishara kwamba kafeini haikuvunjwa yote. Tanini haikupatikana katika uyoga, nao wakaona kwamba kuvu ile ina uwezo wa kuivunja.

Hapa ndipo msomaji anapopaswa kuchukua kalamu. Tuchukue kilo moja ya maganda makavu, na tuchukulie kwamba kafeini yake ni takriban asilimia 1, yaani gramu 10, kiwango kisicho mbali na kile kinachotajwa kwa kawaida. Asilimia 61 ya hizo ni gramu 6.1. Hizo ndizo zilizokosekana. Sasa tutazame kwenye uyoga. Kilo hiyo imetoa gramu 970 za uyoga mbichi. Uyoga huwa maji kwa takriban sehemu tisa katika kumi, hivyo ukikaushwa utabaki gramu 97. Ikiwa ile asilimia 0.157 ni ya uzito mkavu, kama ilivyo desturi ya fani, uyoga wote umebeba gramu 0.15 za kafeini. Gramu 0.15 kati ya 6.1 ni chini ya sehemu tatu katika mia. Na hata kama tungeichukulia kuwa ni ya uzito mbichi, kafeini iliyomo kwenye uyoga ingefika gramu 1.5, kama robo tu ya kilichokosekana.

Hesabu hii ni ya makadirio, wala haidai usahihi wa maabara. Lakini inatosha kuonyesha mambo mawili yanayovutana. La kwanza ni kwamba kafeini ndani ya uyoga, ambayo ndiyo inayomshtua msomaji, haielezi upungufu. Sehemu kubwa ya kafeini haiko kwenye maganda na haiko kwenye uyoga. La pili ni kwamba kutokuwapo kwake pote pawili hakuthibitishi kuwa imevunjwa. Yapo maji. Maganda hulowekwa au huchemshwa kabla ya kupandwa mbegu za uyoga, na kafeini huyeyuka vizuri katika maji ya moto; kama isingeyeyuka, kusingekuwa na kinywaji kiitwacho kahawa. Maganda pia hutoa maji yakiwa ndani ya mifuko. Iwapo kipimo cha mwanzo kimechukuliwa kwenye maganda ambayo hayajalowekwa, basi sehemu ya sifa inayopewa kuvu ni ya sufuria.

Kuna mtego mwingine, nao unaelekea upande wa pili. Kuvu huishi kwa kuyala maganda, na sehemu ya kaboni huondoka hewani kama hewa ukaa. Tuseme kilo 100 za maganda zenye kilo 1 ya kafeini zimebaki kilo 70, na kipimo kinaonyesha kuwa katika hizo 70 kafeini ni asilimia 0.5. Anayelinganisha asilimia kwa asilimia atasema kafeini imepungua kwa nusu. Anayepima mzigo wote ataona kwamba zimebaki gramu 350 kati ya 1,000, yaani upungufu wa asilimia 65. Wote wawili wamesema kweli, na wote wawili wataandika neno lilelile, imeondolewa. Kwa kitu ambacho kuvu haikigusi kabisa hali ni mbaya zaidi: chakula kinachokizunguka kinaliwa, chenyewe kinabaki, na kiwango chake katika kila kilo kinapanda. Ng'ombe hali mzigo wote kwa pamoja. Anakula kilo iliyowekwa horini siku hiyo. Kwake yeye kipimo cha haki ni kiwango katika kilo. Kwa mto, kipimo cha haki ni mzigo wote.

Kuhusu tanini, mtafiti anaona kwamba hoja ya waandishi ni dhaifu kuliko inavyoonekana, ingawa huenda hitimisho lao ni sahihi. Kutopatikana kwa tanini katika uyoga kunathibitisha jambo moja tu, kwamba haikuingia katika uyoga. Tanini hupimwa kwa kwanza kukamuliwa kutoka kwenye maganda kwa kimiminika. Tanini iliyokwisha kushikamana na protini, zikiwamo protini za kuvu yenyewe, haikamuki kirahisi, na kipimo huiona kana kwamba haipo. Ni kweli kwamba kuvu za jamii hii zina vimeng'enya vinavyoweza kuvunja vitu vya namna hiyo, na hilo linaipa nguvu dhana ya kuvunjwa. Lakini jambo linalowezekana halijawa jambo lililotokea. Inashangaza kwamba kafeini, ambayo hesabu inaonyesha kuwa sehemu ndogo tu ilihamia kwenye uyoga, ndiyo iliyotiliwa shaka, na tanini ndiyo iliyopewa cheti.

Miaka mitano baadaye, Salmones na wenzake (2005) waliotesha nasaba sita za Pleurotus juu ya maganda mabichi ya kahawa na mabua ya ngano kwa muda wa hadi siku 36. Walibaini kwamba kafeini katika maganda ilipungua katika kipindi cha uyoga kuchomoza, wakasema huenda sehemu yake hukusanyika ndani ya uyoga. Neno "huenda" ni la kuheshimiwa. Upungufu unaotokea wakati uleule uyoga unapochomoza ni dalili ya kuhama. Kama kuvu ingekuwa inaivunja kafeini kwa kasi, tungetarajia kuona upungufu mapema, nyuzi zinapotanda. Kwa vitu vya jamii ya fenoli, ndivyo walivyoona: vilipungua katika siku nane za mwanzo. Wakati ni ushahidi, na ni ushahidi wa bei nafuu, lakini asilimia ya mwisho peke yake huufuta.

Je, mla uyoga yumo hatarini? Kama kipimo ni cha uzito mkavu, gramu 100 za uyoga mbichi zina takriban miligramu 16 za kafeini, kiasi kidogo sana kuliko cha kikombe cha kahawa. Hakuna sababu ya kumtisha mtu. Kama ni cha uzito mbichi, ni miligramu 157, zaidi ya kikombe kimoja cha kawaida. Mjamzito aliyekula gramu 200 angepita miligramu 300 kwa siku, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hushauri wanaokizidi wapunguze. Maneno mawili, "uzito mkavu", ndiyo yanayotenganisha mboga salama na mboga inayohitaji onyo. Yeyote anayeihamishia tarakimu hiyo katika kijitabu cha wakulima bila kuhamisha na maneno hayo amefanya kosa la tafsiri, hata kama hakutafsiri kutoka lugha nyingine.

4.0 Kuvu yenye jina nusu

Katika mwaka uleule wa 2000, Brand na wenzake walilinganisha kuvu tatu juu ya maganda ya kahawa. Rhizopus arrhizus ilipunguza kafeini kwa asilimia 87 na tanini kwa asilimia 65 katika siku 6. Phanerochaete chrysosporium ilichukua siku 14 kufikia asilimia 70.8 na 45. Ya tatu, iliyotolewa katika maganda ya kahawa yenyewe, ilishinda zote kwa kafeini: asilimia 92. Jina lake limeandikwa Aspergillus, na baada ya hapo hakuna jina la pili.

Mwanabiolojia anaweza kuliona hilo kuwa jambo la kawaida. Katika hatua za awali, kuvu nyingi huandikwa hivyo. Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kulipita kirahisi. Katika jenasi hiyohiyo yumo Aspergillus flavus, anayezalisha sumukuvu ya aflatoksini. Kenya mwaka 2004 walipatikana wagonjwa 317 na 125 wakafariki kutokana na mahindi yaliyoota kuvu hiyo. Tanzania mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wagonjwa walikuwa 68 na waliofariki 20. Ndani ya jenasi hiyohiyo zimo pia kuvu zinazozalisha okratoksini katika kahawa, kiasi kwamba Umoja wa Ulaya mwaka 2005 uliweka kikomo cha mikrogramu 5 kwa kilo ya kahawa iliyokaangwa. Mtafiti hasemi kwamba kuvu iliyotumika Brazili ilikuwa mojawapo ya hizo. Ndani ya jenasi hiyo zimo pia zinazotumika viwandani kwa usalama. Anachosema ni kwamba asilimia 92 inapimwa kwa sumu iliyokuwapo mwanzoni, na kipimo cha namna hiyo hakina jicho la kuona sumu iliyozaliwa njiani. Kwa kuvu yenye jina nusu, tarakimu hiyo ni nusu ya matokeo.

Na hapa lugha ya kawaida ina jambo la kuifundisha istilahi. Biolojia huweka uyoga, ukungu wa mkate na kuvu ya mahindi katika himaya moja. Kiswahili cha jikoni hakifanyi hivyo: uyoga ni chakula, ukungu ni dalili ya kutupa. Mkulima anayeambiwa apande kuvu kwenye chakula cha ng'ombe wake akasita hana ujinga wa kuondolewa kwa semina. Anarudia onyo ambalo wizara zetu za afya zimetumia miaka mingi kumfundisha. Tafsiri inayosema "kuvu" kila mahali kwa ajili ya usahihi wa kisayansi inamnyima tofauti anayoihitaji zaidi, na ingekuwa bora kusema mamama pale inapotumika mamama.

5.0 Vitenzi vilivyokwisha kuwapo

Inadaiwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina maneno ya kubeba michakato ya namna hii. Mtafiti amefikia maoni tofauti. Chukua wakulima wa uyoga nchini Tanzania. Vitu wanavyooteshea, iwe mabua, migomba au pamba, huviita vimeng'enywa. Kitu kinachomeng'enya ni kimeng'enya; kinachomeng'enywa ni kimeng'enywa. Sauti moja ya kauli ya kutendwa inatenganisha mtenda na mtendwa, na mkulima huitumia bila kufundishwa mofolojia. Lugha yenye uwezo huo haishindwi kutenganisha kilichovunjwa na kilichohamishwa.

Mfano mzuri zaidi ni mihogo michungu. Kuvundika mihogo ni ufundi wa miaka mingi: mihogo iliyomenywa hurundikwa, hufunikwa, huota ukungu, hukwanguliwa, huanikwa na kutwangwa. Kwa mtazamo wa haraka, huu ni ushahidi kwamba kuvu hula sumu. Essers na wenzake (1995), waliochunguza uvundikaji huo nchini Uganda, wanatoa maelezo mengine. Kuvu hulainisha tishu ya muhogo. Tishu ikilegea, kimeng'enya cha muhogo wenyewe hukutana na kiambata chenye sianidi ambacho kilikuwa kimetengwa nacho, na kukivunja. Sianidi inayotoka, ambayo huchemka kwenye takriban nyuzi 26 tu, hutoroka hewani hasa wakati wa kuanika. Kuvu haikuila sumu. Ilifungua mlango. Ndiyo maana anayevundika kisha asianike vizuri hajafanya kitu kamili, na neno kuvundika, linapotumiwa na wanaojua kazi hiyo, halisimami bila kuanika.

Kwa hiyo vitenzi vipo: kuvunja, kuhamisha, kuvukiza, kuyeyusha, kufunga. Kuondoa kinabaki kuwa kitenzi cha jumla, kinachofaa pale ambapo mwandishi amekiri kwamba amepima sehemu moja tu. Tatizo la kitenzi chembamba ni kwamba kinadai ushahidi wake. Anayeandika "kuvu ilivunja kafeini" atatakiwa kuonyesha vipande vyake. Anayeandika "ilihamisha" atatakiwa kuonyesha inakokwenda. Watafiti wa uyoga nchini tayari wanafanya kazi juu ya mabaki ya aina nyingine, mathalani Mshandete na Cuff (2008) waliootesha uyoga wa asili juu ya mabaki ya mkonge, na hakuna kinachozuia hesabu ya mizania iliyofanywa hapo juu kuwa sehemu ya kawaida ya kazi kama hizo: kupima maganda, kupima uyoga, kupima maji ya kulowekea. Vipimo vitatu badala ya kimoja, na kwa kafeini chombo ni kilekile.

Katika rasimu ya kwanza ya tasnifu, mtafiti alikuwa ameandika: "Uyoga wa mamama uliondoa asilimia 61 ya sumu ya kafeini katika maganda." Sentensi hiyo sasa inasomeka: "Baada ya siku 60 za kuoteshewa mamama, kafeini iliyopimwa katika maganda ilikuwa imepungua kwa asilimia 61, kiasi kidogo kilipatikana katika uyoga, na kilichobaki huenda kilivunjwa na kuvu au kilitoka na maji." Msomaji mmoja wa rasimu aliandika pembeni kwamba ni ndefu mno kwa kijitabu cha mkulima. Ni kweli. Mtafiti amejaribu kuifupisha mara mbili, na mara zote mbili sehemu iliyokuwa ya kwanza kukatwa ni maji.